Walioimba Mara Moja: Mombasa na Nyimbo Ndogo za Miaka ya 1980

Mombasa ina nyimbo inazojivunia na nyimbo inazozipenda, na mara nyingi hizo ni nyimbo tofauti. "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms ni fahari ya mji. Ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison, ukavuma mwanzoni mwa miaka ya 1980, Boney M wakauchukua mwaka 1983, na hadi leo haukosi kwenye kumbi za hoteli kuanzia Diani mpaka Malindi. Lakini ukipigwa ndani ya basi linalopakia Mwembe Tayari kwa safari ya usiku ya Nairobi, hakuna abiria atakayegeuza shingo. Upigwe "Embe Dodo" wa bendi hiyo hiyo, au "Disco Chakacha" wa Mombasa Roots, ndipo utamwona mtu wa makamo aliyekuwa akihesabu mizigo yake akiacha kuhesabu.

Nyimbo kubwa huchoka kwa kutumiwa. "Jambo Bwana" umekuwa sare ya kazi: huvaliwa asubuhi mgeni anapofika na huvuliwa jioni. Wimbo mdogo haukupata bahati hiyo, au balaa hiyo. Ulivuma msimu mmoja, pengine kuanzia mfungo mosi hadi skuli zilipofungwa Disemba, kisha ukatoweka kabla haujamchosha mtu. Kwa hivyo unarudi ukiwa na kipindi chake kizima: nani alikuwa anaposa, nani alikuwa bandarini, nani ndiyo kwanza amepanda ndege kwenda Jeddah au Muscat kutafuta kazi.

Ndiyo sababu mazungumzo ya barazani kuhusu muziki wa zamani hayakai sana kwa majabali. Hakuna sifa ya kumkumbuka Franco. Sifa ni kukumbuka jina la bendi iliyotoa sahani moja, na aliyepiga gitaa la pili. Kisha huja swali ambalo husemwa kwa masikitiko kidogo: yule bwana alikwenda wapi? Aliimba mara moja tu, akapotea. Jibu langu, na ndilo ninalotaka kulitetea hapa, ni kwamba wengi wao hawakupotea popote. Kilichotoka mara moja ni sahani. Mwenyewe aliendelea kuimba, wengine kwa miaka ishirini zaidi, kilomita chache kutoka hapo tunapomlilia.

Fikra ya mwanamuziki wa wimbo mmoja imetoka katika nchi zenye hesabu. Uingereza imekuwa ikichapisha orodha ya nyimbo zinazouzika zaidi tangu Novemba 1952, kwa hivyo mtu akitaka kujua nani aliingia mara moja na hakuingia tena, anafungua kitabu. Kenya ya miaka ya 1980 haikuwa na hesabu ya namna hiyo ambayo mtu angeiamini. Santuri zilipigwa chapa Nairobi, zikauzwa kwa jumla River Road, zikashuka pwani kwa mabasi na treni, na muuza duka wa Digo Road alijua tu kuwa zimekwisha au zimebaki. Aliyebaki kuwa mwamuzi ni redio na kumbukumbu. Na redio ilikuwa na mipaka yake.

Tuanze na sahani yenyewe, maana mengi yametokana nayo. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilikuwa na upana wa sentimita kumi na saba hivi na dakika chache kila upande. Muziki wa dansi wa Afrika Mashariki haukutungwa kwa kipimo hicho. Wimbo ulianza pole, mwimbaji akieleza kisa chake, kisha magitaa yakafunguka na watu wakaingia uwanjani. Watayarishaji walikata wimbo katikati: maneno upande wa kwanza, moto upande wa pili. Redioni mara nyingi ulipigwa upande wa kwanza, na hata huo ulikatizwa na taarifa ya habari. Matokeo yake ni kwamba wimbo mmoja una kumbukumbu mbili. Aliyeusikia jikoni kwao anakumbuka kisa; aliyeusikia baa anakumbuka magitaa. Waweke wawili hao pamoja na unaweza kuwasikia wakibishana kama wanazungumzia nyimbo mbili.

Tena kuna suala la majina. Ukoo wa Wanyika ni mfano mzuri, ingawa makao yake yalikuwa Nairobi na asili yake Tanga. Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, waliunda Simba Wanyika mwaka 1971. Mwaka 1978 wenzao kadhaa wakajitenga, wakawa Les Wanyika, na "Sina Makosa" ukatikisa Afrika Mashariki nzima. Issa Juma naye akatoka, akarekodi kwa jina la Super Wanyika na majina mengine ya karibu na hilo, na "Sigalame" wake wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukawa wimbo ambao hata watoto waliuchezea mchezo wa kuulizana huyo Sigalame ni nani hasa. Sasa chukua santuri tano za watu hao hao, zenye majina matano kwenye lebo. Kwa msikilizaji wa Mombasa asiyejua mambo ya ndani, hizo ni bendi tano zilizotoa wimbo mmoja mmoja. Kumbe ni mkono ule ule wa gitaa ambao amekuwa akiusikia miaka yote.

Redio nayo. Sauti ya Kenya, ambayo ilikuja kuitwa KBC mwaka 1989, ilikuwa ndiyo redio ya nchi, na kipindi cha salamu kilitosha kuupa wimbo uhai au kuuua. Mwaka 1980 iliamuliwa kuwa robo tatu ya muziki utakaopigwa uwe wa Kenya. Wanamuziki walifurahi, wasikilizaji wakalalamika, na amri haikudumu. Huwa najiuliza ni nyimbo ngapi ndogo za pwani zilizopata nafasi yao ya pekee katika siku hizo chache, kisha mlango ukafungwa. Upande wa pili, mtu wa Mombasa hakuwa mfungwa wa Nairobi. Akizungusha kisahani cha redio usiku aliipata Dar es Salaam, na huko Mlimani Park, Vijana Jazz na Juwata walikuwa wakirekodi studio za Radio Tanzania nyimbo ambazo nyingi hazikuwa na santuri. Zilikaa kwenye mikanda ya redio. "Neema" wa Mlimani Park mtu wa Kibokoni angeweza kuuimba wote bila kuwahi kuushika mkononi. Ni shauku ya namna yake, hiyo ya kupenda kitu ambacho duka la mtaani kwako halikupata kukiuza.

Kuhusu fedha sitasema mengi, kwa kuwa kisa ni kile kile kila mahali. Wapigaji wengi walilipwa mara moja tu, siku ya kurekodi, na wimbo ukabaki kuwa mali ya mwenye studio. Chama cha haki miliki za muziki, MCSK, kilianzishwa mwaka 1983, na kwa wengi wa watu tunaowazungumzia hakikuwa na manufaa makubwa. Aliyepata kazi ya usiku hotelini alijua hesabu rahisi: mwezi mmoja wa jukwaani ulimlipa kuliko sahani. Kwa nini arudi Nairobi kurekodi ya pili?

Hapo ndipo pwani inapotofautiana na bara, na ndipo hoja ya "alipotea" inapovunjika. Kuanzia miaka ya 1970 hoteli za ufukweni ziliajiri bendi kwa mikataba ya msimu. Them Mushrooms walitoka huko kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1987. Mombasa Roots walitoka huko. Safari Sound, ambao kanda zao watalii walizipakia pamoja na vinyago, walikuwa wa huko. Kazi ilikuwa ya kila usiku, na ilikuwa kazi hasa: saa tatu jukwaani, nyimbo za Kiingereza, rumba, "Malaika" kwa mara ya elfu, na "Happy Birthday" kwa bibi wa Kijerumani meza ya nne. Mwanamuziki wa namna hiyo alikuwa na ujuzi wa nyimbo mia kadhaa na akarekodi moja yake mwenyewe. Sisi wa mjini hatukuwa na ruhusa ya kuingia hotelini bila kuulizwa maswali langoni, kwa hivyo kwetu alikuwa ametoweka. Alikuwa Nyali. Alikuwa Bamburi. Alivuka daraja kila siku saa kumi na moja jioni akiwa na gitaa lake ndani ya matatu.

Wengine walikwenda mbali kweli. Mombasa ilikuwa na desturi ya kutoa waimbaji wa Kiingereza tangu zamani: Sal Davis katika miaka ya 1960, Slim Ali na Hodi Boys katika miaka ya 1970. Katika miaka ya 1980 alikuja Kelly Brown, aliyefanya kazi yake Ulaya na kurudi kwetu kwa njia ya kaseti na disko, na "Higher" wake ukachezwa na vijana ambao wengi hawakujua kwamba huyu ni mtoto wa hapa hapa. Walidhani ni Mmarekani. Katika wote ninaowataja, yeye ndiye ambaye shauku ya leo imemtendea haki kidogo, kwa sababu wakimkumbuka sasa humkumbuka pamoja na mji wake.

Lakini mpaka sasa nimezungumza kama kwamba Mombasa ilisikiliza dansi tu, na hilo si kweli. Nusu ya mji, na pengine nusu iliyo kubwa, ilikuwa na muziki mwingine kabisa: taarabu. Na huko fikra ya wimbo mmoja haikuweza hata kuota. Sababu ni kanda. Kaseti ilipoenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, mambo mawili yalitokea. Wezi wa kazi za watu walipata chombo rahisi, na hilo lilisaidia kuiua santuri. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 sahani zilikuwa zimekwisha kazi. Ila mtunzi wa taarabu, ambaye beti zake zilikuwa zikikatwakatwa ili zienee kwenye mizunguko 45, sasa alipata dakika 60 au 90. Mbwana Radio Service pale Mji wa Kale walirekodi na kusambaza kanda za Juma Bhalo, Zein L'Abdin, Maulidi Juma, Zuhura Swaleh. Nyingine zilirekodiwa harusini zenyewe, na ndani yake unasikia vigelegele, unasikia mtu akitunzwa, unasikia kiti kikiburutwa.

Mtu hakununua wimbo. Alinunua usiku. Ndiyo maana ukimuuliza mama wa Kuze au wa Bondeni kuhusu nyimbo za miaka hiyo hatakutajia jina la wimbo na mwaka wake. Atakwambia ulikuwa ule wa harusi ya fulani, uliopigwa bibi harusi alipotolewa. Waume zao wanakumbuka kwa jina la bendi na rangi ya lebo. Wao wanakumbuka kwa nyumba na kwa leso iliyovaliwa. Makala nyingi kuhusu muziki wa zamani, hii ikiwamo mpaka aya mbili zilizopita, huandikwa kwa kumbukumbu ya akina baba, na kwa hivyo huona bendi na kukosa kuona harusi.

Mchukue Zuhura Swaleh. Alileta mapigo ya chakacha ndani ya taarabu, akaimba pamoja na tashkota, kinanda cha Kijapani chenye nyuzi na vibonye kilichobuniwa mwaka 1912 na kufika pwani yetu kwa njia za biashara, kikapewa umeme na kugeuzwa kuwa chombo chetu. Kaulize bara; kama anajulikana, anajulikana kwa wimbo mmoja au miwili iliyowahi kupigwa redioni. Kaulize Mombasa na utaambiwa alitumbuiza harusi zisizo na idadi. Ni mwanamke mmoja na hesabu mbili. Hesabu ya kwanza ndiyo iliyoandikwa.

Juma Bhalo anatuonyesha jambo jingine tena. Nyimbo zake nyingi zilivaa mahadhi ya filamu za Kihindi, maneno yakiwa mashairi ya Kiswahili cha Mvita, mengi yake kutoka kwa jamaa yake malenga Ahmad Nassir. Kwa hivyo filamu ilipokuja sinema za mjini, mahadhi yake yalikuwa na maisha mawili: ya kwanza wiki chache kwenye pazia, ya pili miaka mingi barazani. Filamu "Qurbani" ya mwaka 1980 ilimfanya Nazia Hassan, msichana wa Kipakistani aliyekuwa akikaa London, asikike mpaka Makadara. Kwa dunia ya nje, na kwa wasiojua Kihindi wala Kiurdu, huyo ni wa wimbo mmoja. Kwa mashabiki wake ni malkia wa disko. Kila mji una ramani yake ya waliotoweka, na ramani ya Mombasa ina Bombay ndani yake, ina Kinshasa, ina Cairo.

Niseme neno kuhusu miaka yenyewe, maana shauku ina tabia ya kupaka chokaa. Muongo huo kwetu ulianza na msiba: Januari 1979 Mbaraka Mwinshehe, aliyekuwa na sauti iliyovuka mipaka yote ya Afrika Mashariki, alikufa kwa ajali ya gari hapa hapa Mombasa. Agosti mosi 1982 redio ile ile iliyotuletea salamu ilitekwa na wanajeshi, na sauti ya Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, ndiyo iliyolazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Haikuwa imepinduliwa, lakini hofu iliyofuata ilikaa sana. Katikati ya muongo wanamuziki wa Kikongo walianza kunyimwa vibali vya kazi na bendi kubwa zikavunjika. Baadaye ukaja ugonjwa ambao watu hawakuutaja kwa jina, nao ukapita kwenye bendi kama ulivyopita kwenye kambi za madereva wa malori. Baadhi ya walioimba mara moja hawakuimba mara ya pili kwa sababu walikuwa wamezikwa. Hao nawatoa katika hoja yangu. Hao kweli waliondoka.

Je, hawa wanaotamani nyimbo hizo wanatamani miaka hiyo? Sidhani. Wanatamani usikilizaji wa pamoja. Redio moja ilitosha ua mzima. Sahani moja ilinunuliwa na mtu mmoja mwenye gramafoni na ikachosha mtaa. Hukuchagua wimbo, ulikukuta, pamoja na jirani usiyempenda. Leo mafundi wa simu wa Mwembe Tayari watakujazia nyimbo mia tano za zilizopendwa kwenye flashi kwa bei ya chakula cha mchana, na utazisikiliza peke yako kwa vipokea sauti vya masikioni. Zimo zote, hata zile ulizodhani ni wewe tu uliyezikumbuka. Kupatikana kwake kwa wingi kumeharibu kitu kidogo ambacho sina haja ya kukililia sana: ile fahari ya kuwa peke yako mwenye kujua.

Wakati huo huo kuna kundi jipya la wapenzi, na hawa hawakuwapo. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa "Kenya Special", mkusanyo wa santuri za miaka ya 1970 na 1980 ambazo nyingi zilikuwa zimesahauliwa; miongoni mwa bendi zilizomo ni Mombasa Vikings. Kabla ya hapo kampuni ya GlobeStyle ilikuwa imetoa rekodi za Zein na za Zuhura kwa wasikilizaji wa Ulaya. Wakusanyaji hupita kwenye maduka ya zamani wakitafuta sahani zisizopasuka, na sahani iliyouzwa kwa shilingi chache inaweza kuuzwa upya ng'ambo kwa bei inayoshangaza. Wapo wanaowaona kama wanyang'anyi. Mimi naona afadhali yao kuliko sisi katika jambo moja: wao huandika. Huuliza nani alipiga besi. Lebo zetu za zamani ziliandika jina la bendi, la mtunzi na la kampuni, na mpiga ngoma akabaki hewani. Kwa upande mwingine, wao huchagua kwa masikio ya disko la London, kwa hivyo huokota kilicho na mdundo wanaoutambua na kuacha kile ambacho mji wenyewe ulikipenda. Wimbo wa maneno mazito na gitaa la kawaida hauna mnunuzi huko. "Charonyi ni Wasi" wa Habel Kifoto na Maroon Commandos, kwa Kidawida, ulipendwa na nchi nzima ambayo sehemu kubwa yake haikuelewa hata neno. Usingeweza kumweleza mkusanyaji kwa nini.

Na hapo nirudi kwa Mombasa Roots, kwa kuwa "Disco Chakacha" ndiyo kesi inayobana zaidi. Chakacha ilikuwa ngoma ya wanawake, ya ndani ya harusi, yenye msondo, chapuo na vumi, na nyimbo zake zilikuwa mali ya waliocheza. Bendi ya wanaume iliitia magitaa na kinanda cha umeme, ikaitoa ukumbini mbele ya watu wote, watalii wakiwamo. Wapo wazee waliokasirika, na vijana waliocheza hadi alfajiri. Leo tunauita wimbo huo wa zamani, tunauliza mirabaha yake inakwenda wapi, tunawasikitikia waliouimba kwa kuwa bara imewasahau. Ni haki kuuliza. Lakini waliotunga mapigo yale kabla ya bendi yoyote, kwenye nyua za Mji wa Kale, hawakuwahi kupata hata huo wimbo mmoja wenye jina lao kwenye lebo. Baadhi ya binti zao bado wanaipiga chakacha Ijumaa usiku, na katika mambo yote niliyoyaeleza, hiyo ndiyo pekee ambayo hakuna aliyeiweka katika fungu la zilizopendwa.